Mgonjwa Aliyepandikizwa Mishipa ya Moyo Asikae Bila Ramani Yake

Mgonjwa anayerudi hospitalini na maumivu ya kifua miaka 8 au 10 baada ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu ya moyo huja na kovu refu katikati ya kifua, kovu jingine mguuni, na mara nyingi bahasha nene. Ndani ya bahasha hiyo zimo stakabadhi za malipo, vyeti vya dawa na majibu ya vipimo vya siku aliporuhusiwa. Karatasi inayohitajika kuliko zote, ile inayoeleza ni mishipa mingapi iliyopandikizwa, ilitolewa wapi na ikaunganishwa wapi, haimo. Kosa hili ni la watoa huduma, wala si la mgonjwa, ingawa anayelilipia ni yeye, kwa moyo wake na figo zake.

Mwaka 1967 René Favaloro, mpasuaji mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alitumia vena ya mguuni kuipatia damu njia ya kupita kando ya ateri ya moyo iliyoziba. Tangu hapo upasuaji huo umewaokoa watu wengi mno, lakini hauuondoi ugonjwa wenyewe. Mafuta yaliyoiziba ateri ya kwanza huendelea kujengeka, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari, au yule anayeacha aspirini na dawa ya kushusha lehemu kwa kuwa amejiona amepona. Vena nayo haikuumbwa kubeba shinikizo la ateri. Kuta zake hunenepa, kisha hujaa mafuta laini yanayomeguka kwa urahisi. Inapofika miaka 10, karibu nusu ya vena zilizopandikizwa huwa zimeziba au zimeharibika vibaya. Ateri ya ndani ya kifua ina tabia tofauti kabisa: takriban 9 kati ya 10 huwa bado ziko wazi baada ya muda huohuo.

Kwa hiyo anayempokea mgonjwa wa namna hii hana mshipa mmoja tu wa kuzibua. Ana uchaguzi mgumu. Aweke stenti ndani ya vena iliyochakaa, au airudie ateri ya asili iliyoachwa nyuma miaka ile? Vena huonekana rahisi, kumbe puto linapovimbishwa ndani yake, vipande vya mafuta na damu iliyoganda vinaweza kumeguka na kwenda kuziba vimishipa vidogo vya moyo, mahali ambapo hakuna waya unaofika. Vipo vichujio vidogo vya kunasia vipande hivyo, ila haviwezi kuwekwa katika kila mshipa. Ateri ya asili nayo mara nyingi imeziba kabisa na kukakamaa kwa chokaa. Kuipenya huhitaji muda mrefu, miale mingi ya eksirei na dawa nyingi ya rangi. Kufungua kifua mara ya pili kuna hatari kubwa kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa mshipa uliopandikizwa na ambao bado unafanya kazi unaweza kuwa umegandamana na mfupa wa kidari.

Miongozo ya Ulaya na Marekani imeegemea kupendelea ateri ya asili pale inapowezekana. Pendekezo hilo si amri. Kwa mzee mwenye figo dhaifu, stenti moja ya haraka katika vena ambayo bado inapitisha damu huenda ndiyo busara. Kwa mtu wa miaka 55 ambaye vena yake ilikwisha kuziba kabisa siku nyingi, kujaribu kuifukua ni kupoteza muda na fedha.

Uamuzi wa aina hii haufanyiki vizuri gizani. Asiyejua idadi ya mishipa huitafuta kwa kupapasa ukuta wa aota kwa katheta, akimwaga dawa ya rangi kila anapobahatisha, na dawa hiyo ndiyo inayoweza kuzijeruhi figo ambazo kisukari kimekwisha kuzichosha. Asipouona mshipa fulani, hajui kama umeziba au haukuwahi kupandikizwa. Hata mkono wa kuingilia hutegemea karatasi ile: ateri ya kifua ya upande wa kushoto hufikiwa kwa wepesi kupitia mkono wa kushoto, ilhali wengi wamezoea wa kulia. Wapo wanaosema kwamba picha za mishipa zitaonyesha kila kitu. Picha huonyesha kilicho wazi leo, hazisimulii kilichokuwepo. Ni katika shambulio kali la moyo tu ndipo isifae kusubiri karatasi, maana hapo kila dakika ni msuli unaokufa.

Afrika Mashariki ina sababu ya ziada ya kulishughulikia jambo hili. Kabla ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, Watanzania wengi walipelekwa India kwa matibabu ya moyo, na kumbukumbu za upasuaji hubaki kule ulikofanyika. Kuzipata miaka 10 baadaye, wakati mgonjwa amelala wodini akihema, ni kazi ya kubahatisha. Mpasuaji anayechora mchoro wa dakika 5 kabla ya mgonjwa kuruhusiwa humwokolea mwenzake saa nzima. Asipouchora, muuguzi anayemruhusu mgonjwa anayo haki ya kuudai.

Zahanati nayo ina sehemu yake, na haihitaji mtambo wowote mkubwa. Ateri ya kifua ya kushoto huchipuka kwenye ateri inayopeleka damu mkono wa kushoto. Hiyo ikisinyaa, moyo hukosa damu hata kama mshipa uliopandikizwa ni mzima. Mgonjwa mwenye mshipa huo apimwe shinikizo la damu mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ukiwa chini kwa milimita 15 za zebaki au zaidi, aandikiwe rufaa, na tofauti hiyo itajwe kwenye barua. Barua hiyo iambatane na nakala ya mchoro. Nakala nyingine ipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu ya mgonjwa, na katika simu ya yule mwanawe ambaye ndiye humpeleka hospitali usiku.