Machicha Kando, Chupa Kando



Yametufika mambo ya aibu, nasi tumeona si vema kuyaficha. Kijana anayetuchukulia taka kwa mkokoteni, ambaye sisi humwita mwanetu naye hutuita mama, aliinua gunia la nyumba yetu ya ghorofa kama afanyavyo kila Jumamosi, kisha akalitua ghafla na kuutazama mkono wake. Sindano ilikuwa imepenya gunia na kumchoma kiganjani. Ilikuwa sindano ya sukari. Huenda ilikuwa ya mzazi wetu, huenda ilikuwa ya jirani wa ghorofa ya pili ambaye naye ana maradhi hayo hayo. Hakuna aliyejua, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Tulimwosha mkono kwa sabuni na maji mengi, tukafuatana naye hospitali siku ile ile, kwani dawa za kinga ya virusi vya ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Zikishaanzwa humezwa kwa siku 28. Zilimtia kichefuchefu hata akashindwa kusukuma mkokoteni kwa siku kadhaa, naye ni mtu wa kula alichokichuma siku hiyo. Alhamdulillahi, alipopimwa baadaye alionekana mzima. Lakini siku zile za kungoja hatukuzilala vizuri.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza ni nini hasa tunachomtwisha mwenzetu. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, nayo inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka: zinazooza zikae kando na zisizooza kando, kila aina katika chombo chenye alama yake. Akina dada wengi tuliowaeleza jambo hili walitujibu kwa neno moja: kuna faida gani kutenganisha jikoni ikiwa mkokoteni utakuja kuchanganya mlangoni? Hoja hiyo ina nguvu, na hatuwezi kusema kwamba mitaa yetu yote ya Mombasa ina utaratibu ulionyooka. Ila tumegundua kwamba jibu liko katika zile taka zinazooza. Hizo zikibaki nyumbani, hakuna tena cha kuchanganya.

Hebu tuangalie jaa la jikoni la mtu wa pwani. Ni machicha ya nazi, maganda ya embe na ndizi, mabua ya mchicha, majani ya chai, maganda ya muhogo. Vyote hivyo ni maji matupu na uzito, na ndivyo vinavyoleta inzi na harufu. Vikiondolewa, gunia la wiki nzima huwa jepesi, na chupa zilizomo hutoka kavu. Kijana huziuza kwa wanunuzi wa plastiki na vyuma chakavu, lakini chupa iliyopakwa mchuzi ni kazi kumpata mnunuzi wake.

Kutengeneza mboji hakuhitaji shamba. Sisi tunaoishi ghorofani tulichukua ndoo kuukuu yenye kifuniko, tukaitoboa matundu ubavuni na chini, tukaiweka juu ya matofali mawili katika kipembe cha roshani. Chini tulitandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Kila tukitia taka za jikoni, tunazifunika kwa majani makavu, vipande vya karatasi au vumbi la mbao la seremala, kiasi kinachozidi kidogo kile tulichotia. Mara moja kwa wiki tunageuza kwa kijiti. Unyevu wake uwe kama wa machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui la pili: ukifinya mkononi, yashikane lakini yasidondoshe maji. Ikinuka, ujue ni maji yamezidi, basi ongeza vitu vikavu. Ikikauka isioze, nyunyiza maji. Kwa joto letu hili, miezi mitatu hivi hutosha kupata udongo mweusi unaonukia kama ardhi iliyonyeshewa.

Nyama, mifupa, mafuta na matumbo ya samaki visitiwe ndani ya ndoo, maana paka na panya wa mtaa mzima watahamia kwako. Mwenye ua na afukie matumbo ya samaki chini ya mnazi, shimo lifike magotini. Asiye na ua ayafunge vizuri na ayatoe siku ile ile ya mkokoteni, si siku mbili kabla. Na chakula kilichopikwa, jamani, dawa yake ni kupika kwa kipimo. Ndoo ya mboji haikuwekwa ili tupate pa kumwaga pilau.

Nepi za watoto zina shida yake. Choo cha mtoto kimwagwe chooni kwanza, kisha nepi ikunjwe, ifungwe na iwekwe peke yake. Haiozi, haiuziki, na ikitupwa mtaroni hufura kwa maji. Masika yanapoingia, mtaro huziba, na maji hutafuta njia yake milangoni mwetu. Mwenye nafasi ya kufua vitambaa kama walivyofua mama zetu, hata kwa zile saa mtoto anapokuwa nyumbani, atapunguza mzigo mkubwa.

Kuhusu kuchoma taka uani hatutasema mengi. Moshi wa plastiki haupandi ukapotea. Unaingia dirishani kwa jirani mwenye pumu na kukaa katika nguo alizoanika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na bado wako miongoni mwetu walioificha akiba chini ya godoro. Wanajijua.

Wala taka zetu haziishi zinapopita kona. Wakubwa mnakumbuka jaa la Kibarani, jinsi abiria walivyofunga madirisha ya matatu walipopita pale kando ya maji. Lilifungwa mwaka 2018, taka zikaelekezwa Mwakirunge, na huko nako kuna watu wanaoishi, na wako wanaochambua marundo kwa mikono mitupu wakitafuta riziki. Sindano iliyomkosa kijana wetu ingewangoja wao.

Basi sindano tumezitafutia chupa ngumu ya sabuni yenye kifuniko cha kuzungusha. Ikijaa robo tatu tunaifunga kwa gundi ya utepe na kuirudisha katika zahanati anakochukulia dawa mzazi wetu, nao huipokea. Kabla ya kuanza, ulizeni zahanati yenu kama inapokea. Vioo vilivyovunjika tunavifunga kwa gazeti nene na kumkabidhi kijana mkononi, tukimwambia ni nini.

Ndoo ya kwanza ya mboji tuliimwaga juma lililopita, nusu katika mkopo wa asumini, nusu kwa jirani wa ghorofa ya pili aliyetaka kupanda pilipili. Kijana amerudi kazini. Siku hizi, kabla hajagusa gunia, huuliza kwanza, "Mama, chupa ya sindano iko wapi?" nasi tunamwonyesha, iko juu ya kabati.