Wakili wa Mtu Mbaya

Waumini na wanaharakati wenzetu huuliza: yawezekanaje mtu asali kanisani Jumapili, kisha Jumatatu asimame mahakamani kumtetea anayeshtakiwa kupora mali ya umma? Swali hili ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa dharau.

Sisi twalijibu kwa kukumbusha historia. Mwaka 1986 na 1987, makumi ya Wakenya walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya walitolewa katika vyumba vya mateso vya Nyayo House wakafikishwa mahakamani, wengi wao bila wakili, wakakiri makosa na kufungwa. Machoni pa serikali, wao ndio waliokuwa watu wabaya. Wakili Gibson Kamau Kuria alipojitolea kuishtaki serikali kwa niaba ya waliodai kuteswa, naye alikamatwa Februari 1987, akawekwa kizuizini hadi Desemba bila kufunguliwa mashtaka.

Basi tukidai leo kwamba mwovu asitetewe, tutakuwa tumemwachia mwenye mamlaka aamue nani ni mwovu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikodemo naye aliwakumbusha wakuu wa dini kwamba mtu husikilizwa kwanza. Na Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa kila mshtakiwa haki ya kuwakilishwa na wakili amchaguaye.

Lakini kumtetea mtu si kuutetea uongo. Wakili ana wajibu wa kuupima ushahidi wa serikali, kuwahoji mashahidi na kutunza siri za mteja wake. Hana ruhusa ya kumfundisha shahidi uongo, kughushi hati, wala kumpelekea hakimu bahasha. Wananchi husema, ya nini kuajiri wakili ikiwa waweza kumnunua jaji? Msemo huo haukuzuka bure. Afanyaye hayo hatimizi wajibu wa taaluma yake. Anausaliti, na dhambi hiyo haifunikwi na joho.

Kwa hiyo tusimpime wakili kwa ubaya wa mteja wake. Tumpime kwa njia azitumiazo, na kwa swali moja zaidi: je, mjane aliyenyang'anywa shamba, asiye na ada, hupokewa katika ofisi yake? Twaliomba kila kanisa lenye mawakili miongoni mwa waumini wake liwaulize swali hilo, kisha liwakabidhi kesi ya mnyonge.