Kasongo-Kabambare: Pikapu ipewe hewa safi kwanza, nguvu itafuata

Kiangazi kinapoingia kusini mwa Maniema, barabara kati ya Kasongo na Kabambare inageuka vumbi jekundu. Pikapu moja ikipita, ile inayofuata haioni mbele. Abiria waliokaa juu ya mizigo wanashuka wakiwa wekundu kuanzia nywele hadi viatu. Kila mmoja anajifunga kitambaa puani. Lakini moteri haina mkono wa kujifungia kitambaa, nayo inavuta hewa kuliko watu wote inaowabeba.

Hesabu yake si ngumu. Moteri ya mazuti ya lita 4.2, kama ile ya Land Cruiser nyingi zinazofanya kazi katika jimbo hili, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza karibu lita 4,000 za hewa kila dakika. Ni sawa na mapipa 20 ya mafuta, yale ya lita 200, yaliyojaa hewa tupu. Kwa saa moja ni mapipa 1,200. Kama hewa hiyo ina vumbi, vumbi lote linaelekea ndani ya moteri, na kinachosimama njiani kulizuia ni karatasi iliyokunjwakunjwa: filtre ya hewa.

Ndiyo sababu shauri linalotolewa haraka katika magaraji mengi linapaswa kukataliwa. Dereva akilalamika kwamba gari limekosa nguvu mlimani, anaambiwa: toboa sanduku la filtre, au toa filtre kabisa, moteri ipumue. Wengine wameona kwenye simu magari ya mashindano yenye filtre ya wazi inayong'aa chini ya kapo, nao wanataka hiyo hiyo. Kweli, siku ya kwanza gari linaweza kuonekana jepesi, hasa kama filtre ya zamani ilikuwa imeziba. Lakini mchanga ni mgumu. Ukiingia ndani unasugua silinda na pete za pistoni kama msasa. Baada ya muda moteri inaanza kula mafuta yake, inatoa moshi wa buluu, na asubuhi haiwaki bila kusukumwa. Aliyeokoa bei ya filtre moja amenunua matengenezo ya moteri nzima.

Filtre ya wazi chini ya kapo ina kasoro nyingine. Inavuta hewa iliyopashwa moto na moteri yenyewe, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya digrii 60 ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya digrii 30. Waliotengeneza gari kiwandani hawakuwa wajinga walipoweka mdomo wa hewa pembeni, mbali na joto. Walichokosea, kwa barabara za huku, ni kuuweka chini, karibu na gurudumu linalorusha vumbi na maji.

Kwa hiyo kazi ya kufanya nyumbani kwa pesa kidogo inajulikana. Ya kwanza ni kuziba. Mipira ya hewa kati ya sanduku la filtre na moteri ichunguzwe yote, kwa sababu ufa mdogo baada ya filtre ni mbaya kuliko filtre chafu: vumbi linapita bila kizuizi. Mpira uliopasuka ubadilishwe. Kama mpya haupatikani, kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu kilichofungwa vizuri kinaweza kulifikisha gari mjini, lakini kisigeuzwe kuwa dawa ya mwaka mzima. Vyuma vya kukazia vikazwe. Kifuniko cha sanduku kifunge pande zote.

Ya pili ni kusafisha kwa utaratibu. Wakati wa vumbi zito, filtre itolewe mara kwa mara, na hewa ya kompresa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo. Kuipigapiga juu ya jiwe kunaikunja ukingo, na kuiosha kwa esansi kunaharibu karatasi. Kisha taa ya simu iwekwe ndani yake, gizani. Mwanga ukionekana kama nukta kali, karatasi imetoboka, na filtre hiyo imekwisha hata kama inaonekana safi.

Ya tatu ni kupandisha mdomo wa hewa. Magari mengi ya mashirika yana bomba linalopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Watu wanadhani ni la kuvukia mito tu. Kumbe faida yake kubwa zaidi ni ya kila siku: hewa ya juu ina vumbi pungufu na ni baridi. Fundi wa kuunga vyuma anaweza kulitengeneza kwa bomba la kawaida, ilimradi atunze mambo matatu. Upana wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kiwandani, la sivyo moteri itasongwa. Kichwa chake kikingwe mvua. Na kila kiungo kizibwe kabisa. Bomba la plastiki linafaa nje tu, kwa sababu chini ya kapo joto linalilegeza.

Kipimo cha kazi hiyo hakina gharama. Gari likiwa limesimama na moteri inazunguka polepole, kipande cha ubao kiwekwe juu ya mdomo wa bomba kwa muda mfupi. Moteri ikisongwa na kutaka kuzima, kazi imefanyika vizuri. Ikiendelea kama kawaida, kuna mahali inapovuta hewa pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapopitia siku ya kuvuka mto. Maji hayashindiliwi kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda, yanapinda vyuma vya moteri mara moja, katikati ya mto.

Hapo ieleweke pia kwamba bomba haligeuzi pikapu kuwa mtumbwi. Wakati wa mvua, vijito vinavyoteremka kuelekea Luama vinaweza kupanda katika saa chache, na mkondo wenye nguvu unalisukuma gari lenye bomba sawasawa na lisilo nalo. Dereva mwenye kungoja maji yapungue bado ndiye fundi bora kuliko wote.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye magari, si ya raia wa kawaida wala ya wahami. Si kweli. Pikapu ndiyo inayompeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenye hospitali kuu ya Kasongo. Ndiyo inayobeba unga, chumvi na sabuni hadi vijijini, na ndiyo inayotafutwa wakati familia zinakimbia risasi na watoto mgongoni. Ikikwama usiku mahali ambapo wenye silaha wanazunguka, wanaolala porini ni abiria. Na mazuti yanayopotea kwa sababu filtre imeziba, yale yanayotoka nyuma kama moshi mweusi, yanalipwa na mnunuzi wa mwisho sokoni.

Wapo pia watakaosema tatizo ni barabara. Hapo wana haki. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara ulioundwa mwaka 2008, unapata pesa zake kwa sehemu kubwa kutokana na mafuta yanayouzwa nchini. Kila anayenunua lita ya mazuti ana haki ya kuuliza barabara iko wapi, na swali hilo lisiachwe. Lakini swali kwa serikali halizuii vumbi la leo.

Kinachokosekana zaidi ni kugawana wajibu. Patroni wengi wanadai versema ya kila jioni bila kutoa pesa ya filtre, halafu moteri ikifa wanamfukuza dereva. Mwenye gari atenge pesa hiyo mwanzoni mwa kiangazi, kama anavyotenga ya magurudumu. Vyama vya madereva vikubaliane magari yaachane nafasi njiani, vumbi litue. Mashirika yanayokodi pikapu kwa ajili ya kugawa msaada kwa wahami yafungue kapo kabla ya kutia sahihi. Na abiria anayeona moshi mweusi au wa buluu anaweza kuuliza, kwa heshima, kabla ya kupandisha watoto wake.

Barabara mpya inangojwa kutoka Kindu na Kinshasa. Filtre safi, mpira uliozibwa na bomba lililopandishwa havingoji mtu yeyote. Vinahitaji asubuhi moja tu ya kazi kabla ya safari.