Krispi za matunda: mfuko kwanza, jiko baadaye

Jiko la umeme linalokaanga kwa hewa ya moto hutoa krispi nzuri za ndizi, tena kwa mafuta kidogo. Kwa mfanyabiashara wa Kisiwa Panza, hata hivyo, peke yake ni hasara. Hubeba sahani moja tu kwa mkupuo, na ndizi ni maji kiasi cha robo tatu. Embe imezidi hapo. Umeme wote huo ni wa kufukuzia maji! Wapemba wanaoanika karafuu majamvini wanalijua jua. Vipande vyembamba vianzie juani, chini ya chandarua, jiko limalizie.

Kazi ngumu ni baada ya hapo. Hewa ya bahari hulainisha krispi zilizofungwa ovyo kabla hazijavuka Chokocho kwenda kwa mnunuzi. Mwenye mtaji mdogo anunue kwanza mifuko mizito na mashine ya kuizibia.