Muvi ya maneno matupu, na bado nimeirudia mara 2

Leo naongelea muvi ya zamani, Ma nuit chez Maud, ya mwaka 1969, kaiongoza Mfaransa Éric Rohmer. Haina rangi, haina bunduki, hata muziki wa kukuambia hapa uhuzunike hamna. Watu wanakaa wanaongea, basi. Mshikaji niliyekuwa naangalia naye aliuchapa usingizi mapema tu.

Kisa kiko mji wa Clermont-Ferrand, kipindi cha Krismasi. Jamaa mmoja injinia, Mkatoliki wa kweli kweli, kamuona dada kanisani. Hata jina halijui, ila moyoni keshaamua huyu ndiye mke. Sawa. Halafu rafiki yake anampeleka kwa Maud, daktari, ameachika, ana mtoto wa kike. Theluji inaanguka, rafiki anaaga, Maud anamwambia jamaa alale hapo hapo, kuna chumba kingine. Kumbe hamna!

Utamu ndo unaanzia hapo. Wanaongea dini, ndoa, wanawake aliowahi kuwa nao jamaa. Kajiviringisha blanketi kama mzigo wa mitumba, anahubiri msimamo wake, na kila anavyozidi kuhubiri unaona kabisa anataka. Yaani maneno ndiyo blanketi lenyewe. Asubuhi anapobadili mawazo, Maud keshaghairi. Anapenda mtu anayejua anachotaka.

Mshikaji alipoamka nikamsimulia, akasema jamaa boya na Maud ndiye mwenye tabia mbaya. La boya tuliache. La Maud ndo lilinichoma. Dada yangu ameachika, ana mtoto mmoja, na naona anavyoangaliwa akicheka tu na mwanaume barazani. Maud hamdanganyi mtu kuhusu anachotaka (ukitoa hicho chumba, haha). Anayezunguka ni yule wa misa. Sasa mwenye tabia mbaya ni nani?

Mwisho wake nausema, kama hujaiona ruka hapa. Miaka 5 imepita, jamaa kamuoa yule dada wa kanisani, wako ufukweni na mtoto. Wanakutana na Maud. Mke anababaika, na jamaa anang'amua kwamba yule mume wa mtu aliyewahi kuwa na mkewe alikuwa mume wa Maud. Alikuwa anataka kumwambia mkewe kwamba na Maud hakukutokea kitu, na ndo ukweli. Anameza. Anasema Maud ndiye aliyekuwa wake wa mwisho kabla ya ndoa, ili mke asijione mwenye doa peke yake.

Huo uongo nimeuwaza wiki nzima. Kwangu ndo kitendo cha mapenzi kuliko vyote alivyofanya muvi nzima. Ila kautoa kwa jina la Maud, na Maud keshapandisha njia anaenda zake, hata hajui.