Wenye PhD wanafundisha, ila malipo hawayaoni

Mwaka 2013 Pwani ilipata vyuo vikuu viwili kamili kwa mpigo: Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka uliofuata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikatoa masharti kuwa mhadhiri awe na PhD, na waliokuwa wakifundisha kwa shahada ya uzamili wakapewa miaka mitano. Vijana wetu wakapiga hesabu: vyuo viko mlangoni, na PhD ndiyo ufunguo. Wapo waliouza shamba la urithi. Wapo walioacha ualimu wa sekondari.

Leo baadhi yao wanaitwa "daktari" barazani na hawana kazi ya kudumu.

Wanaowacheka, eti "kusoma kwote kule!", wanadhani hawa watu wamekaa bure. Hawakukaa. Vyuo vya umma vimeelemewa na madeni, haviajiri ila kwa uchache, na pengo huzibwa na wahadhiri wa muda. Mtu hupewa kozi mbili tatu, akafundisha muhula mzima, akatunga mtihani, akasahihisha, akajaza fomu ya madai. Kisha hungoja. Muhula mwingine huanza, naye hurudi darasani, kwani akikataa atapewa mwengine na deni lake litasahaulika.

Mwaka 2025 wahadhiri walioajiriwa, wenye chama na mawakili, waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Ikiwa hao ilibidi wafunge vyuo nchi nzima ndipo wasikizwe, huyu wa mkataba wa miezi minne atamlilia nani?

Wanawake wenye shahada hizo nao wanaumia. Lakini mwanamume wetu ana la ziada: mahari ni yake, na kukimu nyumba ni wajibu wake kisheria. Namjua mmoja, umri wake unakaribia arubaini, hajapeleka posa kwa sababu malipo ya mihula miwili hayajaingia. Harusi za wenzake anazikwepa. Akigeukia kampuni za kutoa mizigo bandarini, huambiwa amesoma kupita kiasi, atawakimbia. Wapo wanaoficha vyeti na kuandika kidato cha nne.

Kwa hivyo kuwaambia "jiajirini" ni kuwakwepa. La kwanza ni deni: chuo kisimpangie mhadhiri wa muda darasa jipya kabla ya kumlipa la zamani, na mabaraza ya vyuo, ambamo wazee wetu wameketi, yaulizwe hesabu hiyo hadharani.

La pili liko kwa magavana wetu sita. Mipango ya maendeleo ya kaunti iliyopo ni ya 2023 hadi 2027, na ya kufuata haina budi kuandikwa karibuni. Itahitaji watu wa takwimu, uvuvi, maji, ardhi na uchumi. Watu hao tunao Kisauni, Malindi na Ukunda. Kabla kandarasi haijapewa mshauri wa kutoka mbali, Jumuiya ya Kaunti za Pwani iandikishe majina yao, fani zao na walichokiandika. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya.