KIARABU CHETU KITUFIKISHE MBALI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila kijana anapomaliza kidato cha nne hapa Bashay tunasikia maneno yale yale: madrasa imempa dini, lakini maisha atayapata shuleni tu. Maneno haya yanatuuma, na tunayapinga.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia. Ni chuo cha umma, kilianzishwa mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali kadhaa za Kiislamu, na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Kampasi yake kuu iko Gombak, karibu na Kuala Lumpur. Udaktari husomwa Kuantan. Sheria, uchumi, uhandisi na elimu ya dini vyote vimo, na lugha za kufundishia ni Kiingereza na Kiarabu.

Naam, Kiarabu! Lugha ile ile tunayoisoma sisi kila alasiri. Lakini tuseme kweli: wengi wetu tunakhitimu msahafu na hatuwezi kutunga sentensi tatu za Kiarabu. Herufi tunazisoma, maana hatuijui. Je, tatizo ni akili? Hasha! Mtoto wetu anazungumza Kiiraqw nyumbani na Kiswahili shuleni bila taabu. Anachokosa ni kufundishwa ili afahamu.

Kwa hiyo tunatoa rai. Waalimu wetu, pamoja na hifdhi tunaomba nahau na mazungumzo, japo siku mbili kwa wiki. Wanafunzi wenzetu, Kiarabu ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani katika kidato cha nne. Penye mwalimu tulichukue, wala tusikimbie Kiingereza na hisabati. Wazazi wetu, msimu wa mavuno usimtoe mtoto darasani. Na binti naye asome kama kaka yake.

Tunajua si wote tutakaofika Gombak. Ada na nauli ni mzigo kwa mkulima wa mahindi na maharage. Lakini aliyejifunza Kiarabu kwa kukifahamu hapati hasara. Hata akibaki hapa hapa Bashay, ataelewa anachokisoma katika sala yake.

Wabillahi tawfiq.